Walibaki wanane

Jumatatu ya tarehe 20 Oktoba 2025, saa mbili usiku na ushei, dada yangu alinipigia simu kutoka Kent, mji ulio kusini ya Seattle. Hakunisalimu. "Shemeji yako amekaa tu," akasema. "Anaangalia tivii, na tivii nimeshaizima." Nikashtuka, nikauliza nani amefariki. "Mariners wametolewa."

Nikapumua. Mariners ni timu ya besiboli ya Seattle. Nikaomba niongee naye. Alipopewa simu nikamwambia, "Pole shemeji, lakini si mchezo tu?" Akanijibu, "Asante," kisha akamrudishia mkewe simu. Mimi na yeye tumezoea kutaniana robo saa nzima kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe, kwa hiyo hiyo "asante" moja niliisikia vizuri sana.

Kazi yangu ni ushauri nasaha, na kuandika visa vya watu ndiyo shughuli yangu ya wiki nzima. Hiki nimekiandika kwa ruhusa ya mwenyewe, kwa masharti mawili: nisimtaje jina, na nisimfanye mgonjwa. Sharti la pili lilinilazimisha kuangalia upya nilichokuwa nakiona.

Mtu wa timu zinazochelewa

Shemeji ni mtoto wa Mwanza. Alikua akishangilia Pamba, iliyotwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1990 yeye akiwa shule ya msingi, kisha ikashuka daraja na kukaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20 kabla ya kurudi msimu wa 2024/25. Kwa hiyo alipoingia jimbo la Washington mwaka 2001 na kupata zamu ya jioni kwenye ghala moja la bonde la Kent, kusubiri hakukuwa kitu kigeni kwake. Ghalani kulikuwa na redio moja, na kuanzia Aprili mpaka Septemba redio hiyo ilikuwa na kitu kimoja: besiboli.

Mwaka ule Mariners walishinda mechi 116 kati ya 162, wakaifikia rekodi ambayo Chicago Cubs waliiweka mwaka 1906. Ichiro Suzuki ndiyo kwanza alikuwa ametoka Japani, na msimu huohuo mmoja akachukua tuzo ya chipukizi bora na ya mchezaji bora wa Ligi ya Amerika, moja ya ligi mbili zilizo ndani ya ligi kuu ya besiboli. Shemeji akadhani timu iko hivyo siku zote. Yankees wa New York wakawatoa katika fainali ya ligi hiyo, mechi nne kwa moja, na kuanzia hapo Mariners hawakuonekana tena kwenye hatua ya mtoano mpaka mwaka 2022. Shemeji alifika shereheni sufuria zikioshwa, lakini akakaa.

Timu hii ilianza mwaka 1977. Kati ya timu 30 za ligi kuu, ndiyo pekee ambayo haijawahi kucheza World Series, ile fainali kubwa. Mtangazaji wao Dave Niehaus aliitangaza tangu mechi ya kwanza kabisa mpaka alipofariki mwaka 2010, na hakupata hata jioni moja ya kutangaza timu yake ikiwa fainali. Shemeji anasema Kiingereza chake alifundishwa na Niehaus, ndiyo maana mpaka leo akisimulia jambo la kawaida, hata foleni ya barabarani, husimulia kama kuna mtu anakimbilia kituo cha tatu.

Kwa asiyeujua mchezo, kuna mambo mawili tu ya kushika. La kwanza, hauna saa. Kila upande hupewa awamu tisa za kupiga, na awamu haiishi mpaka wapigaji watatu watolewe. Tisa mara tatu, watu 27. Ukiwa unaongoza huwezi kuanguka ukashika goti kama kipa wa ugenini anayelinda bao moja dakika ya 88. Lazima uwatoe wote 27, mmoja mmoja. La pili, unachezwa karibu kila siku. Mechi 162 kuanzia mwisho wa Machi mpaka mwisho wa Septemba, kabla hata mtoano haujaanza. Simba na Yanga unazisubiri wikiendi. Besiboli unaishi nayo ndani. Dada yangu anaiita ile redio ya 710 "mke mwenza", na wakati fulani hatanii.

Mganga wa mtandaoni

Msimu wa 2025 ulikuwa na kila kitu. Cal Raleigh, mdakaji, yaani mtu anayechuchumaa nyuma ya mpigaji mechi nzima mpaka magoti yanalia, alipiga homurani 60, yaani mara 60 alipeleka mpira ng'ambo ya ukuta, akazunguka vituo vyote na kupata pointi. Hakuna mdakaji aliyewahi kufika hata 50. Timu ikatwaa ubingwa wa kundi lake la Magharibi kwa mara ya kwanza tangu mwaka uleule wa 2001.

Na mambo yalipokuwa bado yanasuasua mwezi Septemba, shabiki mmoja akaingia Etsy, soko la mtandaoni la vitu vya mikono, akamlipa mchawi aifungulie timu njia. Timu ikashinda mechi kumi mfululizo. Mji mzima ukacheka, na mji mzima ukaamini kidogo. Watu wakaenda uwanjani na kofia za kichawi. Msomaji aliyekulia kwenye soka letu ameshaelewa: kamati ya ufundi. Shemeji alinitumia habari ile saa saba usiku, na chini yake maneno haya: "Nilijua tu Wazungu nao wanayo. Walikuwa wanaficha."

Ninaitaja hapa kwa sababu uganga ule utarudi baadaye, na utamuumiza.

Mtoano wenyewe nitaupitia haraka. Detroit walitolewa tarehe 10 Oktoba katika mechi ya tano iliyokwenda awamu 15 kwa sababu ya sare, usiku ambao hata samaki mmoja wa vikatuni wanaokimbizana uwanjani, Humpy, ambaye kila mtu alijua kazi yake ni kushindwa, alishinda. Kisha Toronto, fainali ya Ligi ya Amerika, atakayetangulia kushinda mechi nne. Mariners wakashinda mbili za kwanza ugenini. Wakarudi nyumbani wakapigwa 13-4 na 8-2. Ijumaa ya tarehe 17 wakashinda ya tano 6-2, Eugenio Suárez akipeleka mpira ng'ambo ya ukuta vituo vyote vitatu vikiwa na watu. Ikabaki kushinda mechi moja tu kati ya mbili.

Katika mechi hiyo ya tano, mrushaji wa Seattle, Bryan Woo, alimgonga George Springer wa Toronto kwenye goti. Springer hapendwi Seattle. Alikuwa Houston mwaka 2017, kikosi kilichotwaa ubingwa na baadaye kikabainika kuwa kilikuwa kinaiba ishara za wapinzani kwa kamera. Akaanguka, akatolewa akichechemea, na baadhi ya watu uwanjani wakamzomea. Shemeji naye, sebuleni kwake Kent, akasimama akapaza sauti: "Nenda! Na usirudi!"

Binti yake mwenye miaka 11 alimtazama. Shemeji anakumbuka alivyotazamwa.

Jumatatu

Jumapili walifungwa 6-2. Ikabaki mechi ya saba, Toronto, Jumatatu. Shemeji alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake. Dada alipika wali na maharage mapema ili asisumbuliwe. Binti alikaa sakafuni mbele ya baba yake, na juu ya goti la baba lilikuwepo daftari.

Daftari hilo linahitaji maelezo. Kuna mashabiki wa besiboli wanaoandika mechi kwa mkono: kila mpigaji ana mraba wake, kila tukio lina alama. Mtu akitolewa kwa kukosa mara tatu anaandikiwa K. Shemeji alifundishwa na mzee mmoja wa ghalani, mwaka wake wa kwanza, wakati wa mapumziko ya chai, na ana madaftari ya miaka yote hiyo ndani ya sanduku la nguo. Mechi ikiisha yeye na binti wanatia saini chini ya ukurasa, kama hati ya kiwanja.

Ukurasa wa mechi ya saba nimeuona. Maandishi ni mazuri. Julio Rodríguez anapiga homurani awamu ya tatu, 2-1. Raleigh anapiga awamu ya tano, 3-1, na hapo kalamu imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka. Awamu ya saba, zamu ya Toronto kupiga, Woo yuko mlimani, yaani kwenye tuta la mrushaji. Mpigaji wa kwanza anapewa kituo cha bure. Wa pili anapiga, anafika. Wa tatu anagusa mpira makusudi ili wenzake wasogee, yeye anatolewa. Alama yake ipo.

Hesabu: awamu sita ni watu 18, na huyo mmoja wa 19. Walibaki wanane. Watu wanane watolewe, na Mariners waingie World Series kwa mara ya kwanza katika miaka 48.

Kocha Dan Wilson akamtoa Woo, akamwingiza Eduard Bazardo. Andrés Muñoz, mrushaji wao wa kufunga mechi, akabaki amekaa. Anayekuja kupiga ni Springer, na goti lake lilelile. Mpira wa pili ukaruka ng'ambo ya ukuta wa kushoto. Watu watatu wakarudi nyumbani, yaani kituo cha mwisho, 4-3.

Mraba wa Springer kwenye daftari ni mtupu. Na yote inayofuata ni mitupu.

Mechi yenyewe iliendelea, maana awamu mbili za kupiga zilikuwa bado. Awamu ya tisa binti alichukua kiatu cha kazi cha baba yake kilichokuwa mlangoni, kile chenye chuma mbele, akakiweka kichwani. Si utundu. Mwaka 2022, Mariners walipotoka nyuma 8-1 huko huko Toronto na kushinda 10-9, mashabiki waliokusanyika Seattle waliweka viatu kichwani kuita bahati, na tangu hapo ni mila. Jeff Hoffman wa Toronto akawatoa watatu wote kwa kukosa, wa mwisho Julio. Wachezaji wa Toronto wakarundikana katikati ya uwanja. Dada anasema mtoto alibaki amekaa wima, kiatu kichwani, akikishika kwa mikono miwili kisidondoke, na hapakuwa na mtu wa kumwambia akishushe. Ndipo alipozima tivii na kunipigia.

Nilichokiona

Kiswahili kina kipashio kizima kwa ajili ya usiku kama ule: -ngali-. Angalimwacha Woo. Angalimwingiza Muñoz. Wangalimpa Springer kituo cha bure. Dada anasema mume wake hakulala, na kila akigeuka kitandani alikuwa anasema sentensi moja ya namna hiyo, kwa sauti ya chini, kama mtu anayehesabu fedha zilizopungua.

Tunaojifunza mambo ya nafsi tuna utafiti mmoja tunaoupenda kuhusu hili. Mwaka 1995 Victoria Medvec na wenzake walichapisha uchambuzi wa picha za video za washindi wa Olimpiki ya Barcelona ya 1992. Waliopata shaba walionekana wenye furaha kuliko waliopata fedha. Wa fedha anatazama juu, anaona dhahabu aliyoikosa. Wa shaba anatazama chini, anaona alivyonusurika kutoka mikono mitupu. Maumivu hayafuati umbali uliosafiri, yanafuata umbali uliobaki. Shemeji amevumilia misimu ambayo timu ilikuwa imekwisha kufikia Juni, akaenda kazini akicheka. Ule uliomwangusha ndio msimu bora kuliko yote aliyoiona tangu 2001. Kwa hiyo waliokuwa wanamfariji kwa kusema "lakini mmefika mbali" walikuwa wanamsogeza karibu zaidi na wale wanane.

Hilo nililitarajia. Ambalo sikulitarajia ni habari ya ulimi.

Jumatano, dada aliniambia kuna jambo mumewe hasemi. Alhamisi nilipompigia, lilitoka lenyewe. "Shemeji, mimi nilimwambia yule bwana asirudi. Mbele ya mtoto. Karudi." Mtu mzima, miaka 47, anajua kabisa kwamba Springer hakumsikia. Lakini huyuhuyu Septemba nzima alikuwa amecheka na kuamini kidogo. Ukikubali kwamba maneno ya mchawi wa Etsy yalileta ushindi kumi, utayakatalia vipi maneno yako mwenyewe yasilete homurani? Uganga unapokupa shangwe unakuwa mzaha. Ukigeuka, unakuja na ankara. Nimeona jambo hili kwa wafiwa wa kweli pia: mtu anatafuta kosa lake kwa sababu kosa lake angalau ni kitu alichokishika mkononi, kuliko kukubali kwamba hakuwa na mkono wowote katika jambo.

Sikumwambia "hiyo ni imani potofu". Nilimuuliza mtoto alisema nini siku ile. Akafikiri. "Hakusema kitu. Alinitazama." Nikamwambia basi deni lako liko kwa mtoto, halimhusu Springer. Akakaa kimya, kisha akasema atazungumza naye, na nadhani alizungumza.

Jambo la tatu ni msiba usio na waombolezaji. Yanga akifungwa na Simba, shabiki wa Yanga hapati nafasi ya kukaa peke yake na ukuta. Asubuhi muuza chapati anamuuliza kama amelala vizuri. Bosi wake anamwekea picha. Anatukanwa, anajibu, anapandisha, na kufikia jioni nusu ya uchungu imeshatumika. Sisi tunaona utani ule ni kero, kumbe ni matanga. Shemeji alifungua kundi la WhatsApp la watu wa nyumbani waishio Washington akakuta mjadala wa Yanga unaendelea kama kawaida. Akaandika, "Mariners wametolewa." Baada ya saa moja mmoja akajibu: "Ile ya kupiga kwa rungu?"

Kazini ndiko kulikuwa kubaya zaidi. Usiku uleule wa Jumatatu, kwenye uwanja ulio jirani kabisa na wa Mariners, Seahawks walikuwa wanacheza mpira wa Kimarekani na Houston, wakashinda 27-19. Jumanne wenzake ghalani, ambao Ijumaa walivaa koti la Mariners, walikuwa wanasema "tumeshinda jana". Robert Cialdini na wenzake waliliona jambo hili kwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani mwaka 1976: timu ya chuo ikishinda watu husema "sisi", ikifungwa husema "wao". Kwetu ni silabi moja tu, kutoka tu- kwenda wa-. Nimemsikiliza shemeji kwa makini siku zote zile. Hakuivuka hata mara moja. "Tulibakiwa na wanane." "Tumetolewa." Mtu anayebaki kwenye tu- wakati wengine wote wamehamia kwenye wa- anabaki ndani ya nyumba ya msiba peke yake, majirani wamekwenda harusini.

Kenneth Doka, mtafiti wa Marekani, aliandika mwaka 1989 kuhusu majonzi ambayo jamii haiyapi kibali, yale ambayo ukiyatoa hadharani unaulizwa unalia nini. Mimi, mwenye cheti ukutani kinachosema nayajua hayo, ndiye niliyekuwa wa kwanza kumwambia "si mchezo tu?"

Nikiri na kosa la pili. Baba yake shemeji alifariki Mwanza miaka michache iliyopita, akazika kwa simu, akiwa ameegesha gari nje ya ghala. Hatukumwona akilia. Kwa hiyo Alhamisi ile nikajiona nimegundua: analilia baba kupitia besiboli! Nikamzungusha kwa upole wa kikazi, nikamuuliza kama labda kuna kitu kingine kinachomuuma. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. "Shemeji," akasema, "baba nilimlilia kwenye gari. Hapa nalilia Mariners."

Ninawashauri wenzangu wa fani hii waiweke mahali sentensi hiyo.

Kilichofanya kazi

Baada ya kicheko kile nilikuwa nimeishiwa ujanja, nikasema tu, "Basi nisimulie. Mimi huu mchezo siujui." Akauliza nianzie wapi. Nikamwambia anapopaona pa kuanzia. Hakuanza na mechi ya saba. Alianza na Machi.

Alisimulia saa moja na dakika arobaini. Kwa kuwa sijui kitu ilibidi aeleze kila kitu: kwa nini mdakaji kupiga 60 ni maajabu, kwa nini mchezaji anaomba ishara, kwa nini Agosti namba 51 ya Ichiro iliondolewa isivaliwe tena na mtu, na uwanja ulivyokuwa siku hiyo. Ujinga wangu ulisaidia kuliko taaluma yangu. Ungekuwa mazungumzo na shabiki mwenzake wangeruka moja kwa moja kwenye Bazardo na -ngali-. Kwangu ilibidi apite njia nzima, na njia ilikuwa na mambo mengi mazuri aliyokuwa ameyafukia chini ya mpira mmoja. Matangani hatukai tukarudia dakika ya mwisho ya marehemu. Kuna mzee atasema, "Mnakumbuka alivyonunua baiskeli?" na watu wanacheka huku wanajifuta.

Alipofika awamu ya saba, mtu mmoja ametolewa, akasema, "Halafu basi." Nikamuuliza daftari linasemaje. "Halisemi."

Kuna kingine dada alikiona, mimi nisingekiona. Kimya. Kwa miezi saba gari lile lilikuwa halijawashwa bila sauti ya mechi au ya watu wanaoijadili mechi. Timu ya soka ikitolewa kombe moja, wiki ijayo kuna ligi. Ukitolewa kwenye mtoano wa besiboli, kesho saa moja jioni hakuna kitu, na keshokutwa hakuna, mpaka mwakani. Wiki ile shemeji alikuwa anakwenda na kurudi kazini redio imezimwa. Dada hakumhubiria. Alianza kumpigia simu saa moja jioni, wakati wa mapumziko yake, bila sababu, kuuliza kama mchele uongezwe. Nyumba ile ina mchele wa kutosha mpaka Pasaka.

Upande wa hatari sina mengi. Alikula siku ya tatu, kazi hakukosa, pombe hanywi. Ningeona wiki mbili za kukosa usingizi, au hasira za kupiga watu, ningeongea lugha nyingine na ningempeleka kwa daktari.

Jumanne ile alikuwa ameapa kwamba besiboli hataiangalia tena maishani. Sikubishana naye. Timothy Wilson na Daniel Gilbert na wenzao walionyesha mwaka 2000, kwa mashabiki wa mpira wa Kimarekani vyuoni, kwamba mtu hukadiria vibaya matokeo ya mechi yatamkaa rohoni kwa muda gani, kwa sababu anasahau kwamba kesho kuna mambo mengine. Shemeji alikuwa amesahau kwamba ana mtoto wa miaka 11 anayeipenda besiboli kuliko yeye.

Tarehe 1 Novemba

Ilikuwa Jumamosi. Nilitoka Tacoma na sambusa zangu. Toronto walikuwa wanacheza mechi ya saba ya World Series na Dodgers wa Los Angeles, nyumbani kwao, na binti alikuwa anaangalia mechi zote za fainali chumbani peke yake, sauti chini, kama anaficha. Usiku ule baba yake alimwita aje aangalie sebuleni. Yeye akakaa upande, anabandua mfuko wa karanga, macho huku na huku.

Awamu ya tisa, Toronto wanaongoza 4-3. Mrushaji ni Hoffman, yuleyule. Mmoja ameshatolewa. Akaja Miguel Rojas, mchezaji ambaye hata Dodgers hawakumtegemea kwa homurani, akapiga mpira ukavuka ukuta wa kushoto. 4-4. Mimi niliruka. "Malipo!" nikasema, na ninajua nilichokisema si cha kikazi.

Shemeji hakuruka. Kamera ilikuwa inaonyesha watu wa Toronto, mikono kichwani, mama mmoja mdomo wazi. Akaacha karanga. "Wawili," akasema. "Wao wamebakiwa na wawili." Kisha, polepole, "Pole zao."

Awamu ya 11 Will Smith wa Dodgers akapiga homurani, ikawa 5-4, ikaisha hivyo. Hakuna aliyesema kitu. Shemeji akainuka, akaenda chumbani, nikasikia sanduku linafunguliwa. Akarudi na daftari na kalamu, akakaa sakafuni karibu na binti yake, akafungua ukurasa ule wa tarehe 20.

"Springer," akasema.

"Homurani, watatu wanaingia," akajibu mtoto, bila kufikiri.

Akaandika. Wakaendelea, mraba kwa mraba. Mahali fulani walibishana nani alitolewa vipi, mtoto akaenda kuhakikisha kwenye simu ya mama yake, akarudi na ushindi. Ilipofika awamu ya tisa akawa anaisoma mwenyewe: "K." Baba akaandika. "K." Akaandika. Kwa Julio hakusema kitu, akaweka kidole tu kwenye mraba, na baba akaandika K ya tatu. Chini wakaandika 4-3 na tarehe. Binti akatia saini ya kwanza, kwa herufi kubwa, akaiacha nafasi ndogo mno kwa ya baba.

"Februari tarehe ngapi?" akauliza.

"Katikati. Wanatangulia warushaji na wadakaji, Peoria, Arizona. Wengine wanafuata."

Dada akatoa kichwa jikoni. "Anarudi lini huyo mke mwenza?"

"Februari," mtoto akamjibu, akaenda kukirudisha kiatu cha baba yake mlangoni.